Maneno Mawili ya Yohana

Vijana wangu, wengi wenu mkinijia hapa Chumbageni kuniuliza habari za miaka ile ya kudai uhuru, mnatarajia niwasimulie mikutano na kadi za chama. Sina. Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama, mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kutia mguu katika siasa. Ninalolijua juu ya uhuru nililijua nikiwa nimesimama baina ya kizimba na meza ya hakimu, na sikulijua kwa ushujaa. Nililijua kwa kosa.

Kazi yenyewe niliipenda kwa sababu ya suruali nyeupe. Msicheke. Mkalimani alivaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi, na viatu vya kamba, na akipita sokoni watu walimpisha. Nilizaliwa Moa, baba Mdigo, mama Mbondei, shule nikasomea mjini na vijana wa Kisambaa walioshuka milimani, basi lugha nne zilikuwa kinywani mwangu bila kuzitolea jasho, na Kiingereza kikawa cha tano. Hakimu alikuwa Mzungu ambaye Kiswahili chake kilianzia kwenye jambo na kuishia kwenye chai. Kila neno lililoingia sikioni mwake lilipita kwangu kwanza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Nani asingevimba kichwa?

Aliyenifunza ni Mzee Kombo, mtu wa Pemba, mkalimani mkuu wetu, mfupi, mwenye kikohozi ambacho nilidhani ni ugonjwa mpaka nilipojua ni silaha. Siku zangu za mwanzo mwuza nazi mmoja alitoa ushahidi kwamba alimwona mshtakiwa sokoni saa mbili. Nami nikamwambia hakimu kwa Kiingereza, saa mbili, kama ilivyo. Nikasahau kwamba saa mbili ya Mzungu ni saa nane yetu ya mchana. Wizi ulikuwa umetokea asubuhi, na yule maskini aliyekuwa sokoni asubuhi hiyohiyo nikawa nimemwondoa sokoni na kumpeleka penye wizi. Mzee Kombo, aliyekuwa ameketi nyuma akingoja zamu yake, alishikwa na kikohozi kikubwa hata hakimu akaamuru aletewe maji. Akapita karibu yangu kuyafuata, akaninong'oneza, "Jua! Muulize jua lilikuwa wapi!"

Tangu siku hiyo sikufasiri saa bila kuuliza jua.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Nilipata kumfasiria hakimu "baba mdogo" neno kwa neno, akaniuliza kwa utulivu kabisa huyo baba ana kimo gani. Na bibi mmoja wa Mkwaja, alipoulizwa kama alimwona mwizi kwa macho yake mwenyewe, alijibu, "Kwani ningemwona kwa macho ya jirani?" Nikasita. Mzee Kombo akaniambia baadaye, "Ungelilainisha jibu lile, ungemwibia bibi wa watu. Mpole ni mpole na mkali ni mkali. Mtoe kama alivyo. Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Usiongeze, usipunguze, usipambe. Na ikiwa hukuelewa, sema hukuelewa. Aibu ya dakika moja haijapata kumwua mtu."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Kuyaandika hakukunisaidia.

Sasa nije kwa Yohana.

Katika shamba moja la mkonge nje ya mji, ghala la singa liliungua mchana, wakati wafanyakazi wamekwenda kula. Singa ni zile nyuzi nyeupe za mkonge zilizokwisha kaushwa na kufungwa marobota, na cheche moja tu yatosha. Aliyekutwa penye moto alikuwa mtu mmoja peke yake, Yohana, Mbena kutoka nyanda za juu kusini, Mlutheri, aliyekuja kwa mkataba na mkewe. Mikono yake ilikuwa imeungua mpaka viwiko. Nyapara alitoa ushahidi kwamba asubuhi ile alimwona Yohana akivuta sigara karibu na ghala. Mtu mwingine aliyeona lolote hakuwapo.

Nataka mjue nilivyokuwa siku hiyo, maana kosa haliji peke yake, huja na jamaa zake. Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala inakaribia, nami nilitaka kesi iishe. Nilikuwa nimemsikiliza nyapara, mtu msafi, mwenye Kiswahili kilichonyooka, nikamwamini. Kisha Yohana akafungua kinywa, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kizito, cha kuokota kambini. Mtu wa pwani niliyekuwa, niliona haya kwa niaba yake. Nikamsikiliza kwa sikio moja.

Hakimu akauliza, "Mshtakiwa ana la kusema juu ya moto huo?"

Nikamwuliza. Yohana akainua kidogo mikono yake iliyofungwa vitambaa, akasema, "Bwana, moto ulinishinda."

Nami nikamgeukia hakimu nikasema kwa Kiingereza changu kizuri: "Niliwasha moto, ukanishinda."

Kalamu ya hakimu ilisimama. "Amekiri?"

Nikajibu, "Naam, Bwana Hakimu."

Na Yohana, alipoona nimemaliza, aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyefurahi kwamba ameeleweka.

Alifungwa miaka miwili na kazi ngumu. Niliwahi sala.

Pengine ningekufa bila kujua nilichofanya. Lakini wiki ya pili mwanamke mmoja alikuja barazani mwa mahakama, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, akasimama pembeni mpaka watu wakapungua.

"Hodi, bwana karani."

"Karibu, mama."

"Mimi ni Tabitha, mke wa Yohana wa ghala. Siku ile nilikuwa mlangoni, watu walijaa, sikusikia vizuri. Nimekuja kukuuliza, mume wangu alisema nini hata akafungwa?"

"Alisema moto ulimshinda."

"Naam, ulimshinda," akasema. "Alikuwa anabeba maji kwa debe. Yakawa hayatoshi. Akaanza kuvuta marobota kwa mikono ayatoe nje, mpaka ngozi ikabaki kwenye singa. Ulimshinda kuuzima." Akaikaza kanga kiunoni. "Sasa kusema hivyo ndiyo kosa?"

Nikageuza macho kwenye mlango wa mahakama.

"Na wewe ulimwambiaje Mzungu?"

Vijana wangu, nimeulizwa maswali mengi maishani. Hilo moja sijapata kulimaliza kulijibu.

"Nilimwambia kama alivyosema," nikamwambia.

"Ahsante, bwana karani." Akaniinamia, akaenda zake. Aliniamini.

Niliingia chumba cha majalada, nikalitafuta la Yohana, nikalifungua. Mwandiko wa hakimu ulikuwa mdogo, safi, nao ulisema: Niliwasha moto. Yohana hakupata kulitamka neno "niliwasha". Nililitia kinywani mwake mimi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumhukumu kabla ya hakimu. Na hukumu yote ilisimama juu ya neno hilo.

Siku zilizofuata nilifasiri kama kawaida. Kesi za mbuzi, kesi za mipaka ya mashamba, kesi za ngumi. Lakini kila nilipofungua kinywa, kabla ya neno la shahidi lilitangulia neno la Yohana, nikalazimika kulimeza kwanza ndipo niseme. Wengine wenu mnauliza wito ni nini, sauti ya ndani ni nini, mnadhani ni kitu kitamu kama adhana ya alfajiri. Wangu ulikuwa kama mwiba wa samaki kooni. Mtu haulizi kama mwiba ni wa kweli.

Nilimwendea Mzee Kombo nyumbani kwake Jumapili asubuhi. Alikuwa anatwanga tambuu yake ya kutafuna, maana meno yalikuwa yamemwishia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, nikamweleza yote. Nilitaka aniambie la kufanya. Ukweli ni kwamba nilitaka aniambie ninyamaze, ili kunyamaza kuwe kwake.

Alitwanga muda mrefu. Kisha akasema, "Mwaka mmoja kabla hujazaliwa, nilimfasiria mtu neno kinyume. Nilijua siku ileile, kabla sijafika nyumbani. Nikanyamaza. Akafia gerezani, kwa kuhara."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ndiyo namwambia sasa." Akaweka mchi chini. "Mwanangu, umekuja nikupe amri, nami sina. Nikikwambia sema, nitakuwa nakutuma njia niliyoikimbia. Nikikwambia nyamaza, nitakuwa nimemfunga mtu wa pili. Uliapa. Ukisema unaweza kushtakiwa kwa kuvunja kiapo, kazi itakwenda, na mkeo ana mimba. Ukinyamaza hakuna atakayejua. Milango yote miwili iko wazi, na hapana askari kwenye hata mmoja."

Nilitoka pale nikiwa na hasira naye. Nilikuwa sijajua bado kwamba hakuna mtu aliyepata kuniheshimu kiasi kile.

Nilipita kwa shemeji yangu Hamza, fundi cherehani, kaka wa mke wangu. Hamza alikuwa mtu wa chama, tena si wa kujificha. Kadi alizigawa palepale kwenye cherehani yake, baina ya vipande vya kitambaa cha marekani. Nilidhani mtu wa kudai haki atanielewa mara moja. Alisimamisha cherehani.

"Unataka kwenda kumwambia Mzungu kwamba Mwafrika alipewa kazi ya kutumia akili akaikosea?"

"Nataka kusema kwamba mimi nimekosea."

"Hakuna mimi siku hizi, shemeji! Wanasema hatuko tayari kujitawala. Wanatafuta sababu mchana kutwa. Nawe unataka kuwapelekea kwenye sahani!"

"Na Yohana?"

"Yohana atatoka siku tutakapotoka sote."

Hapo, wanangu, nilishikwa hasa. Woga wa kazi ningeweza kuuona aibu na kuupita. Lakini Hamza hakuniletea woga. Aliniletea jambo jema. Nililizungusha kichwani tangu Chumbageni mpaka bomani na kurudi. Taifa zima upande mmoja, na upande wa pili Mbena mmoja mwenye mikono iliyoungua ambaye hata jina la baba yake silijui. Kwa hesabu ya Hamza nilipaswa kunyamaza. Kitu kilichonizuia hakikuwa hoja. Kilikuwa ni kumkumbuka Tabitha akiniinamia. Nikajiuliza, huo uhuru ukija, mimi nitaingia nao mahakamani nikiwa mtu gani? Nitasimama palepale, kwa suruali ileile, na uongo uleule tumboni, ila bendera tu imebadilika?

Jumatatu nilifika mapema, nikabisha mlango wa hakimu kabla watu hawajakusanyika. Alikuwa anachonga penseli. Nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Bwana Hakimu, katika kesi ya ghala la singa nilifasiri kinyume. Mshtakiwa hakusema aliwasha moto. Alisema moto ulimshinda, yaani alishindwa kuuzima. Neno la kuwasha niliongeza mimi."

Aliweka penseli mezani. "Unajua uliapa."

"Najua."

"Naweza kukushtaki."

"Najua, Bwana Hakimu."

"Basi kwa nini hukukaa kimya? Hakuna ambaye angegundua."

Nilikuwa nimepanga hotuba. Juu ya haki, juu ya Mungu, hata maneno mawili matatu ya Hamza juu ya Mwafrika niliyageuza yanifae. Yote yaliniruka. Nikasema, "Mkewe aliniuliza."

Aliinuka akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nikadhani ataniitia askari. Aliporudi uso wake ulikuwa umemwiva. "Mtu ana mikono iliyoungua mpaka viwiko," akasema, "nami sikumwuliza swali la pili." Akanisukumia karatasi. "Keti. Andika alivyosema kwa Kiswahili, na ulivyosema wewe kwa Kiingereza. Usijitetee hata mstari mmoja."

Nikaandika. Kalamu ilitoboa karatasi mara mbili.

Jalada lilipelekwa Mahakama Kuu pamoja na barua yangu na barua ya hakimu mwenyewe. Mimi nikavuliwa ukalimani siku hiyohiyo. Sikushtakiwa, sijui ni huruma au ni kuogopa aibu ya mahakama. Nilifanywa tarishi. Tarishi alivaa kaptura ya kaki na kubeba majalada kutoka ofisi hadi ofisi, kwa miguu, mji mzima unamwona. Wale walionipisha sokoni sasa waliniita kwa mluzi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nikiwa tarishi, na mama mkwe aliniuliza mbele ya wageni kama kaptura ndiyo sare ya wanaume wenye ukweli.

Kaptura niliyopewa ilikuwa ya mtu mnene kuliko mimi. Nikaipeleka kwa Hamza, ambaye tulikuwa hatusemezani. Aliipokea bila kuniangalia, akanipima kiuno kwa futi, akaipunguza, akaipiga pasi kwa uangalifu uleule aliozoea kuipigia ile suruali nyeupe. Nikatia mkono mfukoni nimlipe. Akatikisa kichwa. Alipokuwa anaikunja, ndipo aliposema, kwa sauti ya chini kama mtu anayejisemea, "Sikukosea kwa yote niliyosema." Nikamwambia, "La, hukukosea kwa yote." Tukaachana hapo, na mpaka anakufa hatukupata kuumaliza mjadala ule. Labda ninyi mtaumaliza. Mimi sioni kwamba alikuwa mjinga.

Baada ya miezi mitatu na siku kadhaa hukumu ya Yohana ilifutwa. Jibu la Mahakama Kuu lilikuja kwa posta, na aliyelibeba kutoka posta mpaka mezani kwa hakimu ni mimi, bila kujua nilichobeba. Karani alipolisoma kwa sauti niliketi chini sakafuni.

Nilikuwa nimejitayarishia siku ya kuonana na Yohana. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, tena niliyapanga kwa Kiswahili chepesi ayaelewe. Oneni kiburi kilivyo kigumu kufa. Nilifikiri atanisamehe. Walutheri, nilisikia, hufundishwa kusamehe. Nilifikiri tutalia kidogo, kisha mwiba utatoka.

Alikuja asubuhi moja na Tabitha na furushi lao, njiani kwenda kupanda lori la kuelekea kwao. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja na kukakamaa, ngozi inang'aa. Kisu cha kukatia mkonge hakingeshikika tena humo. Nilikuwa barazani na majalada kifuani. Nikayaweka chini.

"Bwana Yohana," nikaanza, "nimekukosea, nami naomba…"

"Ngoja," akasema. Kiswahili chake hakikuwa na shida yoyote. Kilikuwa cha polepole, basi. "Mke wangu ameniambia ulivyofanya, kama alivyosikia hapa mahakamani. Nimesikia. Sikuja kwa radhi. Habari ya radhi nitaizungumza na Mungu huko nyumbani, sijui itachukua muda gani."

"Basi umekuja kwa lipi?"

"Siku ile, tangu naingia kizimbani mpaka natolewa, ulikuwa unamtazama Mzungu. Ukiniuliza, unamtazama yeye. Nikijibu, unamtazama yeye. Nikasema moyoni, huyu amebeba maneno yangu na uso wangu hajauona. Gerezani nilikuwa nawaza hilo kuliko mikono." Akasogea hatua moja. "Nimekuja unitazame."

Nikamtazama. Kumtazama mtu uliyemdhulumu si jambo la kufumba na kufumbua, vijana wangu; macho hutafuta pa kutorokea. Yangu yalikimbilia vidole vyake, yakakimbilia furushi, na kila mara yeye alingoja mpaka yarudi. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Alikuwa na mvi chache za mapema. Alikuwa, nilitambua, rika langu.

Honi ya lori ililia mara ya kwanza, hakugeuka. Ilipolia mara ya pili Tabitha akamgusa bega, akamwambia jambo kwa Kibena, lugha ambayo katika zote nilizozijua mimi haikuwamo. Yohana akamjibu kwa neno moja. Kisha wakashuka ngazi, na Tabitha alibeba furushi lote peke yake.